Jina la Kwenye Wembe Halinyoi

Nina nyembe kumi na moja za kukunja, zote zimetengenezwa Solingen, Ujerumani, na wakusanyaji wenzangu wananiambia kwamba tisa kati ya hizo ni takataka. Si kwamba zimevunjika, wala si kwamba hazinyoi. Nitazame kidevu asubuhi utaona kama hazinyoi. Kosa lake ni moja tu: hazina jina, au zina majina ambayo hakuna mtu anayeyatafuta mnadani.

Nimechoka kubishana na watu hawa mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika yote hapa kwa mkupuo. Hoja yangu ni fupi. Kati ya vitu vyote unavyoviona kwenye wembe wa kale wa Kijerumani, chapa iliyogongwa kwenye chuma ndiyo inayosema ukweli kidogo kuliko vyote. Na sisi wakusanyaji tumeamua kwamba hiyo ndiyo tutakayoilipia kuliko vyote.

Wembe wangu wa kwanza niliununua Köln. Nilikuwa huko kwa kozi ya miezi mitatu ya uandishi wa habari, na Jumamosi moja nikapita kwenye soko la mitumba. Kwenye sinia la bati kulikuwa na nyembe mbili zimelala bega kwa bega. Upana uleule, mgongo uleule, ubavu umechimbwa vilevile hadi chuma kimekuwa chembamba kama ganda la kitunguu. Mipini yote miwili ya seluloidi nyeusi, ile plastiki ya kizamani. Mmoja ulikuwa na jina linalojulikana, bei yake euro 90. Wa pili ulikuwa na jina la duka fulani lililokwisha kufa zamani, bei yake euro 12. Nikamwuliza mzee muuzaji, tofauti ni nini? Akanionyesha jina kwa kidole, akanitazama kama vile nimemwuliza kwa nini maji yanalowesha.

Nikachukua wa euro 12. Nilifanya hivyo kwa sababu ya mfuko, si kwa sababu ya msimamo. Msimamo ulikuja baadaye, nilipoanza kusoma na kuuliza nyembe hizi zilitengenezwaje.

Solingen ni mwendo mfupi wa treni kutoka Köln, mji wa vilima kando ya mto Wupper. Huko kutengeneza kitu chenye makali hakukuwahi kuwa kazi ya mtu mmoja. Tangu enzi za panga za kivita, mmoja alifua chuma, mwingine akakikaza kwa moto, mwingine akanoa, mwingine akatia mpini. Wakaza chuma na wanoaji walikuwa na chama chao chenye hati tangu mwaka 1401. Utawala wa Wafaransa ulipovifuta vyama vya namna hiyo mwaka 1809, vyama vilikufa lakini mgawanyo wa kazi ukabaki.

Basi nyembe zilipoanza kutoka Solingen kwenda dunia nzima, karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, mambo yalikwenda hivi. Karakana ya kufulia ililaza kipande cha chuma cha moto ndani ya kalibu, nyundo kubwa ya mashine ikashuka, kikatoka kitu chenye umbo la wembe lakini kinene. Karakana ya namna hiyo iliweza kuwauzia wenye viwanda wengi kwa wakati mmoja. Kipande kikagongwa jina, kikapashwa moto hadi kikawa chekundu, kikatumbukizwa kwenye mafuta, halafu kikapashwa tena polepole ili kisivunjike kama kioo. Baada ya hapo ndipo kilipokwenda kwa mnoaji.

Na kwa mnoaji ndiko wembe unakozaliwa. Kabla yake una kipande cha chuma chenye jina. Yeye ndiye anayekibana kwenye mawe yanayozunguka, akichimba pande zote mbili, akihamia mawe madogo zaidi na zaidi, hadi ukipitisha ukucha kwenye makali unasikia chuma kinalia. Akizidisha kidogo, chuma kinapata joto na ule ukaza wote unapotea. Akipunguza, umepata kisu cha jikoni. Hakuna chapa inayoweza kumfanyia kazi hiyo.

Sasa sikiliza. Wengi wa wanoaji hawa hawakuwa waajiriwa wa majina tunayoyaabudu. Walikuwa mafundi wa kujitegemea. Walifanya kazi kwenye vibanda vyao kando ya mto, au walikodi nafasi kwenye majumba ya kunolea yaliyoendeshwa kwa mvuke, na umeme ulipofika wengine walirudi kunolea nyumbani. Walilipwa kwa kipande, kwa orodha za bei zilizokubaliwa kati ya vyama vya wafanyakazi na wenye viwanda. Na fundi wa namna hiyo hakufungwa kwa kiwanda kimoja.

Piga hesabu mwenyewe. Jumatatu fundi ananoa dazeni za kiwanda chenye jina kubwa. Jumatano ananoa dazeni za kiwanda ambacho leo hakuna anayekikumbuka. Jiwe lilelile, mikono ileile, kikohozi kilekile. Miaka mia moja baadaye mtu anakuja kuniambia kwamba dazeni ya Jumatatu ina roho na ya Jumatano haina!

Watanijibu, na jibu lao si la kipuuzi, kwamba jina kubwa lilikuwa na ukaguzi mkali. Ni kweli. Alama ya mapacha ya Henckels iliandikishwa Solingen mwaka 1731, na kampuni iliyolinda alama moja kwa muda wote huo haikuwa tayari kuiona imekaa kwenye chuma kibovu. Kwa kinyozi wa mwaka 1900 jina lilikuwa ahadi: ukiwa mbaya, unajua pa kuurudisha. Nakubali, na wala sisiti.

Lakini ahadi ile alipewa yeye, si wewe. Tangu siku ile wembe huo umepita mikononi mwa watu wangapi? Mmoja aliunoa kwenye jiwe lenye shimo katikati, makali yakapinda kama mdomo wa mtu aliyenuna. Mwingine akausugua na mashine ili ung'ae mnadani, akaondoa nusu ya kazi ya mnoaji pamoja na kutu. Jina halikubadilika hata herufi moja. Limebaki palepale, linaahidi kitu ambacho hakipo tena. Nimeona mtu analipa mshahara wa mwezi kwa wembe wa namna hiyo, halafu anaufungia kabatini kwa furaha kubwa. Mtoto akililia wembe mpe, wahenga walisema, lakini hawakusema auziwe kwa bei ile.

Na kuna jambo ambalo wakusanyaji hawapendi kulisikia. Jina lenyewe lilikuwa likidanganya tangu mwanzo. Katika karne ya 19 mji wenye sifa ya makali ulikuwa Sheffield, Uingereza. Wenye viwanda wa Solingen wakafanya kile ambacho leo tunamlaumu Mchina kwa kukifanya: wakagonga jina la Sheffield kwenye chuma chao wakauza. Waingereza wakaja juu, na mwaka 1887 Bunge lao likapitisha sheria ya alama za bidhaa iliyokataza ujanja huo na kutaka bidhaa za kigeni zisipite kwa majina ya Kiingereza. Wamarekani nao, kwa sheria ya ushuru ya mwaka 1890, wakadai bidhaa inayoingia kwao iandikwe nchi ilikotoka. Ndiyo maana leo ukiona neno "Germany" kwenye wembe unajua kwamba huenda ulitengenezwa baada ya hapo kwa ajili ya soko la nje. Neno lile tunalolipapasa kwa mahaba lilianza kama alama ya kumtambulisha mshukiwa.

Nusu karne baadaye mambo yakageuka. Mwaka 1938 Solingen wenyewe wakapata sheria ya kulinda jina la mji wao lisigongwe kwenye visu vya watu wengine. Walioiba jina wakawa wenye jina la kuibiwa. Siwacheki. Nasema tu kwamba mtu anayejua historia hii hawezi tena kuitazama chapa kama hati ya kuzaliwa.

Hapo sijagusa majina ya kukodi. Wafanyabiashara wa New York kama Adolph Kastor waliagiza visu na nyembe Solingen na kuziuza Marekani, na maduka mengi yalitaka jina lao wenyewe ndilo ligongwe kwenye chuma. Kwa hiyo ule wembe wangu wa euro 12, wenye jina la duka, haukuwa mtoto wa kambo wa Solingen. Ulikuwa Solingen kamili, umevaa shati la mtu mwingine.

Sasa niwageukie ndugu zangu wa hapa nyumbani, maana ugonjwa huu tunao hata sisi tusiokusanya chochote. Mara ngapi umesikia mtu anapiga ukuta wa boma la zamani kwa kiganja na kusema, "Mjerumani hakosei"? Eti ubora umo kwenye damu yao. Mwaka 1876 Franz Reuleaux, mhandisi Mjerumani aliyetumwa na serikali yake kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, aliandika nyumbani kwamba bidhaa za Ujerumani ni za bei rahisi na ni mbovu. Maneno hayo yaliwauma wenzake kwa miaka mingi. Kama ubora ungekuwa kwenye damu, damu hiyo ilikuwa wapi mwaka 1876? Ubora ulikuja kwa shule za ufundi, kwa ukaguzi, kwa sheria, kwa vyama vya mafundi waliokataa kunoa kwa bei ya kutupa. Ni mambo ambayo watu wowote wanaweza kuyafanya wakiamua.

Na hilo boma? Na Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914? Tunaiita reli ya Mjerumani. Mataruma yalibebwa na nani? Mawe yalipondwa na nani? Jina likaenda kwa mmoja, mikono ikawa ya wengine, tena wengi wao walifika pale kwa sababu ya kodi na kiboko. Mwaka huohuo 1905 ndipo Vita vya Maji Maji vilipoanza kusini. Solingen hiyohiyo ya nyembe zangu ndiyo iliyokuwa ikitengeneza panga na singe za majeshi ya Ujerumani. Sitaki kusahau hilo ninapopaka povu asubuhi. Sitaki pia kumtwisha mnoaji wa kibandani dhambi za gavana. Ninachotaka ni kwamba tukitaja sifa tuitaje kwa mwenyewe.

Kwa hiyo wenyewe ni akina nani? Nilikwenda Balkhauser Kotten, karakana ya kale ya kunolea kando ya Wupper ambayo sasa ni makumbusho, gurudumu lake la maji likiwa nje na mawe ndani. Ni jengo zuri. Watalii wanapiga picha. Lakini kaa na yale mawe kidogo. Mawe ya kunolea ya zamani yalikuwa ya mchanga, na vumbi lake liliingia mapafuni na halikutoka. Ugonjwa wa wanoaji ulijulikana na kila mtu mjini. Walikohoa, wakakonda, na wengi hawakuuona uzee. Mara nyingine jiwe lenyewe lilipasuka likiwa linazunguka kwa kasi, na kumwua mtu palepale alipokaa. Ule wembamba wa ganda la kitunguu tunaousifia kwenye picha umelipiwa namna hiyo.

Halafu kulikuwa na wanawake. Kazi ikitoka kiwandani kwenda kwa mnoaji, na kutoka kwa mnoaji kurudi kiwandani, ilibebwa na wake na mabinti kwenye vikapu vizito vilivyojaa chuma, vimekaa kichwani, wakipanda na kushuka vilima vile kwa miguu. Kichwani, jamani, kama bibi zetu. Kwa lahaja ya kwao waliitwa Liewerfrauen, na mji umewatengenezea sanamu. Wakusanyaji wana vitabu vinene vya chapa za Solingen. Nionyesheni katika vitabu hivyo chapa ya mwanamke yule.

Na kuna wembe mmoja nilionao ambao wenzangu wanaupenda kweli, kwa sababu mpini wake ni wa pembe ya ndovu. Huo hawauiti takataka. Nikiutoa wananyamaza kidogo, halafu mmoja anauliza kama nauza. Mie nikiushika nawaza njia. Karne ya 19 pembe za ndovu zilikuwa biashara kubwa ya Zanzibar. Wapagazi walizibeba mabegani kutoka Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, wengi wao Wanyamwezi waliokwenda kwa ujira, wengine wakiwa watumwa. Kutoka Unguja zilipanda meli kwenda Bombay, London, Marekani na Hamburg. Kampuni ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa na ofisi Unguja tangu mwaka 1849. Pembe ya kwetu ilisifiwa kwa ulaini wake, inachongeka bila kupasuka. Pembe za Kongo na Afrika Magharibi nazo zilikwenda kwenye masoko hayohayo, zikachanganyika, zikakatwa vipande, zikawa mipini ya visu, funguo za piano na mipira ya biliadi.

Mkusanyaji mmoja, mtu mwenye elimu na adabu zake, aliniambia kwamba mpini ule "unaupa wembe hadhi". Hadhi gani? Ndovu mmoja, mpagazi mmoja, na safari ya miezi kwa miguu. Sheria za dunia zimeibana biashara ya kimataifa ya pembe tangu mwaka 1989, na bado wapo wanaotafuta njia ya kuzungusha mipini ya namna hii kwa kisingizio cha ukale. Wembe ule siuuzi na sitaununua mwingine kama huo. Nimeuweka kwa sababu sasa nimeshajua umetoka wapi, na kuutupa hakutamrudisha mtu.

Najua nitaambiwa, "Ndugu, unaharibu starehe. Watu wanakusanya stempu, wanakusanya sarafu, wewe unawaletea mapafu na wapagazi." Hapana. Mimi nazipenda nyembe hizi kuliko wao. Wao wanazipenda zikiwa zimefungwa. Na kufungwa kwenyewe kunaziua. Ile seluloidi ya mipini ikizeeka huanza kutoa mvuke mkali, na wembe uliofungiwa kwenye kisanduku chake kizuri, bila hewa, huliwa na kutu kutoka palepale unapogusa mpini. Fungua visanduku vya watu wa namna hii utaona: jina zima, linang'aa, na chuma kimeoza chini yake. Wembe unaotumika unakaushwa kila siku, unapigwa kwenye mkanda wa ngozi, unapakwa tone la mafuta, unaachwa upate hewa. Unaishi.

Nisiwe mtu wa kulalamika tu. Nataka mambo matatu. La kwanza, tunapoeleza wembe tuanze na kazi na jina liwe la mwisho: mgongo umelika kiasi gani, pande mbili zimechimbwa sawasawa au la, makali yamenyooka, mpini ni wa kitu gani na hali yake ikoje. Bei itoke hapo. La pili, anayeandika historia ya nyembe hizi asiishie kwenye miaka ya kampuni na majina ya wenye kampuni, aandike pia nani alifua, nani alikaza, nani alinoa, nani alibeba, na walilipwaje. Solingen wana makumbusho ya visu na panga pale Gräfrath, na kiwanda kizima cha kufulia, Hendrichs, kimehifadhiwa na mashine zake. Habari zipo kwa anayezitaka. La tatu, nyoeni. Kama huthubutu kunyoa kwa wembe wako, mpe anayethubutu.

Anayebisha, namkaribisha kwangu. Nitazifunga chapa za nyembe mbili kwa kitambaa, moja ya jina na moja ya duka lililokufa, zote nimezinoa mwenyewe kwenye jiwe moja. Anyoe shavu la kulia kwa moja na la kushoto kwa nyingine, halafu aniambie ipi ni ya euro 90. Maji ya moto nitachemsha mimi.